Twauliza nani kachinja, mbona hatuulizi nani kaachwa nje?



Kila ifikapo Septemba na Oktoba nchi yetu huingia katika msimu wa mahafali. Kidato cha nne wanajiandaa na mtihani wa taifa wa Novemba, na kabla hawajaingia katika chumba cha mtihani, shule huwafanyia hafla ya kuwaaga. Hufungwa maturubai, huchinjwa ng'ombe, hualikwa mgeni rasmi, hupikwa pilau. Ikiingia Novemba na Desemba hufuata zamu ya vyuo na vyuo vikuu, na majoho yao. Ni siku za furaha, na sikushika kalamu ili kuizima furaha hiyo.

Nimeandika kwa sababu ya swali ambalo limenikaa kifuani tangu Oktoba 2014. Je, karamu ya kumshukuru Mwenyezi Mungu inabaki kuwa shukrani pale ambapo mmoja wa wenye karamu ameachwa nje kwa sababu hana pesa? Na kama mtu mwingine atajitokeza akamlipia, je, hapo atakuwa ameingizwa ndani kweli, au ameachwa nje kwa namna nyingine?

Kwanza niwajibu wale ndugu zetu ambao wakisikia neno mahafali tu hunyanyuka na kusema hayo ni mambo ya kidunia, Muislamu hayamhusu. Maneno yenyewe tu yanawakatalia. Hafla na mahafali ni neno moja kwa asili, limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni mkusanyiko wa watu. Kuhitimu nako kumetokana na khatma, yaani kufika mwisho wa jambo. Wazee wetu wa pwani walikuwa wakifanya hafla ya mtoto kuhitimu Qur'an muda mrefu kabla hapajawa na kidato cha nne. Mtoto akimaliza juzuu thelathini, mwalimu hupewa zawadi yake, nyumba hupika, na mtaa mzima hula.

Nao hawakulizua. Imepokewa kwamba Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.) alikaa na Suratul Baqara kwa miaka kumi na miwili, akiisoma na kuifanyia kazi, na alipoimaliza alichinja ngamia. Na Anas bin Malik (r.a.) alikuwa akihitimu Qur'an huwakusanya watu wa nyumbani kwake na kuwaombea dua. Kwa hiyo kufurahi kwa kumaliza masomo, na kula kwa furaha hiyo, si jambo geni kwetu. Ila tuangalie jambo moja: katika habari zote mbili, mwenye furaha ndiye aliyewakusanya watu. Umar alichinja ngamia wake. Hatukusikia kwamba aliweka mtu mlangoni na orodha.

Sasa nieleze yaliyonikuta.

Msangano ni kata iliyopo bondeni, Wilaya ya Momba. Leo iko Mkoa wa Songwe, lakini mwaka ninaouzungumzia mkoa huo ulikuwa haujazaliwa, ulianza 2016, nasi tulikuwa bado tunahesabiwa watu wa Mbeya. Ni nchi ya joto, tofauti na vile wengi wanavyodhani wakisikia nyanda za juu kusini. Watu wanalima mpunga, mahindi na ufuta, na wanafuga. Mvua kwetu ni za msimu mmoja, huanza Novemba na kukatika kwenye Aprili. Maana yake ni kwamba pesa ya mkulima ina msimu wake pia. Huja wakati wa mavuno, Juni na Julai, wakati ambao bei iko chini kwa sababu kila mtu anauza. Ikifika Oktoba kiangazi kimekomaa, ardhi imepasuka, ghalani kumebaki mbegu na cha kula, na kilichobaki kinasubiri jembe la mvua za kwanza. Katika mwezi huo mkavu ndipo barua ya mchango wa mahafali humfikia mzazi.

Mimi nilikuwa mzazi na mjumbe wa kamati ya mahafali katika shule moja ya sekondari bondeni humo. Nilikuwa Muislamu pekee katika kamati. Waislamu maeneo yetu si wengi, na nilijiona ninayo kazi maalumu, nayo ni kuhakikisha ng'ombe anachinjwa na Muislamu ili chakula kiliwe na watu wote. Niwe mkweli, hapakuwa na ubishi wowote. Wenzangu Wakristo walikubali kabla sijamaliza kusema, na mmoja wao ndiye aliyejitolea kumfuata mchinjaji kwa pikipiki yake. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiona nimeutumikia Uislamu.

Kikao hichohicho kilipitisha jambo jingine ambalo sikulipinga. Mchango ulikuwa shilingi 15,000 kwa kila mhitimu. Ilionekana kwamba wengine wanachelewesha, basi ikaamuliwa kuwa asiyekamilisha hataketi kwenye meza za wahitimu na hatapata chakula. Mwalimu mmoja alisema wazazi wa bondeni wana ng'ombe ila hawataki kutoa. Tukacheka. Nikanyanyua mkono pamoja na wengine.

Siku chache kabla ya sherehe walibaki watatu tu. Nikajisemea, hili dogo, nitamaliza mimi. Nikatoa shilingi 45,000, nikampa mtunza hazina. Sikumwambia afanye siri, na nikisema leo kwamba nilisahau tu nitakuwa ninajidanganya. Kesho yake mstarini ikatangazwa kwamba mzee fulani, Mungu ambariki, amewalipia hawa wafuatao. Majina matatu yakasomwa. Shule nzima ikapiga makofi. Mwanangu aliporudi nyumbani akanihadithia kwa fahari, nami nikafurahi.

Siku ya mahafali ikafika. Mtu alikuwa ametumwa Tunduma, mpakani na Zambia, akaleta soda, viungo na mapambo. Palikuwa na spika mbili kubwa, keki ya ghorofa tatu, na risala ndefu. Nilizipitia meza za wahitimu kwa macho nikiwatafuta watu wangu watatu. Wawili hawakuwepo. Wa tatu, mvulana, nilimkuta baadaye kabisa, nyuma ya jengo, kwenye mafiga. Alikuwa amevaa sare yake safi, mikono imejaa masizi, anasugua sufuria kubwa la pilau. Pembeni yake palikuwa na sahani yenye ukoko na vipande vya nyama.

Akanisalimu, "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, mbona uko huku? Nenda ukakae na wenzako. Nimeshakulipia."

Alitazama chini kidogo, kisha akasema kwa adabu tu, bila ya hasira, "Ahsante mzee. Ila huku nafanya kazi, kwa hiyo hiki ninachokula ni changu. Pale mezani ningekula jina lako."

Nilimwomba msamaha palepale. Akasema yameisha, akaendelea kusugua. Nikarudi kwenye turubai nikakuta sahani yangu imeshapakuliwa, ya wajumbe wa kamati, yenye nyama nyingi. Mwenye kusoma haya na ajaze mwenyewe kama ililiwa au haikuliwa.

Ndugu Waislamu, naomba tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu mimi ninavyoona kosa langu halikuwa moja, yalikuwa mawili, na la pili ndilo linalotuponyoka.

Kosa la kwanza liko wazi. Imepokewa kwa Abu Huraira (r.a.), na habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba chakula kilicho kibaya kuliko vyote ni kile cha karamu ambayo matajiri huitwa na masikini huachwa. Tuzingatie kwamba hakikuitwa kibaya kwa sababu ya namna kilivyochinjwa wala kilivyopikwa. Nyama ni halali, mchele ni halali, mwenye mali ameipata kwa halali. Ubaya umeingia kupitia mlangoni, katika kuchagua nani aingie. Na mimi niliyekuwa mkali kuhusu kisu, nilinyanyua mkono kuunga mkono orodha ya mlangoni. Hii ndiyo hali yetu wengi. Tukialikwa popote, swali letu la kwanza ni nani kachinja. Ni swali la haki na tusiliache. Lakini mbona hatuulizi nani kaachwa nje, na hali la pili nalo limetoka kwa Mtume yuleyule (s.a.w.)?

Katika Suratul Qalam Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa wenye shamba walioapa kwamba watavuna alfajiri, mapema, ili masikini asije akawaingilia. Wakaenda wakinong'onezana njiani. Walipofika wakakuta shamba limeteketea usiku. Watu wale hawakuiba. Lilikuwa shamba lao, na mavuno yao. Kosa lao lilikuwa kupanga ratiba ya furaha yao kwa namna ambayo masikini asiwepo. Nasi tulioweka mchango wa pesa taslimu mwezi wa Oktoba, katika bonde ambalo pesa huonekana Juni, tulipanga nini?

Kosa la pili ni lile lililofanana na wema. Nilidhani aliyeachwa nje kwa sababu ya pesa ataingizwa ndani kwa pesa. Kumbe mlango wa karamu una kufuli mbili. Moja ni ya pesa, nyingine ni ya heshima. Mimi nilifungua ya kwanza, na kwa ufunguo uleule nikaifunga ya pili. Qur'an imetuonya katika Suratul Baqara kwamba sadaka hubatilika kwa masimbulizi na udhia. Tumezoea kufikiri kwamba masimbulizi ni mpaka umtukane mtu, umwambie "mimi nilikulisha". Hapana. Jina la masikini likisomwa mbele ya umati pamoja na jina la aliyemlipia, masimbulizi yameshatimia hata kama msomaji anatabasamu. Mtume (s.a.w.) ametutajia miongoni mwa watu saba watakaokuwa katika kivuli cha Mwenyezi Mungu mtu anayetoa kwa siri kiasi kwamba mkono wake wa kushoto haujui ulichotoa wa kulia. Mkono wangu wa kushoto ulijua, mstari mzima wa shule ukajua, na wenye kujua waliniombea dua.

Lililoniuma zaidi ni kwamba Iddi el Hajj ya mwaka ule iliangukia mwanzoni mwa Oktoba hiyohiyo. Siku chache tu zilikuwa zimepita tangu nigawe nyama ya udhiya. Aya ya Suratul Hajj inayotuamrisha kula na kulisha imewataja watu wawili, yule anayeomba, na yule aliyekinai asiyeomba. Huyu wa pili ndiye mgumu, kwa sababu hasogei mlangoni kwako, inabidi wewe umjue. Siku ya Iddi nilimjua. Niliwapelekea majirani nyama kwenye bakuli lililofunikwa, usiku, bila kutaja mtu. Mimi huyohuyo, ndani ya mwezi huohuo, nikashindwa kufunika bakuli la kijana wa watu. Ni kwa nini? Kwa sababu ile ya Iddi niliihesabu kuwa ni ibada, na ile ya shule niliihesabu kuwa ni shughuli. Kana kwamba Mola wa Iddi si Mola wa mahafali.

Kuna neno la kijana ambalo nimelifikiria sana, aliposema kwamba kile chakula cha jikoni ni chake. Alikuwa anatofautisha haki na hisani. Na kwa hakika alikuwa sahihi kuliko sisi, ila hata yeye alijipunja. Hakuhitaji kuosha sufuria ili chakula kiwe chake. Kilikuwa chake tayari. Sherehe ilikuwa ya kumaliza miaka minne, naye alikuwa amemaliza miaka minne. Zaidi ya hapo, shule zetu za kata zilisambaa nchini baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari ulioanza 2004, na wenyeji wa vijiji wanajua vizuri neno nguvu za wananchi lilikuwa na maana gani. Lilikuwa na maana ya mama kubeba maji kichwani, baba kufyatua tofali, mtoto kusomba mchanga. Mama asiye na 15,000 ya Oktoba ndiye aliyeleta maji ya kukorogea udongo wa darasa ambalo kamati ilikaa ikapitisha kwamba mwanawe asile. Nani hapo anamfadhili nani?

Qur'an inatuambia, katika Sura adh-Dhaariyat na al-Ma'arij, kwamba katika mali za wacha Mungu imo haki ya mwenye kuomba na ya aliyenyimwa. Limetumika neno haki. Anayepewa haki yake hadaiwi shukrani, na wala hapigiwi makofi aliyempa.

Najua yatakayosemwa. Watasema, tukiondoa orodha nani atachanga? Wapo wazazi wenye ng'ombe kweli ambao hawatoi mpaka wabanwe. Nakubali wapo. Lakini kijana hakosi chakula kwa sababu ya kosa lake, anakosa kwa kosa la baba yake, na Uislamu umeshakata shauri hilo kwamba nafsi haibebi mzigo wa nyingine. Mbaneni baba. Mfuateni nyumbani, mwiteni kwenye kikao. Msimngoje mwanawe mlangoni siku ya furaha yake.

Watasema pia kwamba mambo haya yamekwisha, kwani elimu ni bila malipo tangu Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima katika shule za serikali. Hilo lilikuwa jema na liliwaondolea wengi mzigo. Lakini mchango wa sherehe haukuhitaji kuitwa wa lazima. Uliitwa wa hiari, ukaendelea. Nami nasema hiari yenye orodha mlangoni si hiari.

Watakuwepo na wa upande wetu watakaosema, kwa nini ujihangaishe na karamu yenye muziki, na kijana mwenyewe si Muislamu? Kuhusu muziki, kama kuna munkari, mahali pa kuukataza ni kwenye kikao cha maandalizi, na hatuwezi kuukataza tukiwa tumejitoa. Kuhusu dini ya kijana, ni kweli hakuwa Muislamu. Kati ya wale watatu Muislamu alikuwa mmoja, naye ni miongoni mwa wawili ambao hawakuja. Dhulma haiulizi dini ya aliyedhulumiwa.

Basi tufanyeje? Mimi naona jibu tumekuwa nalo siku zote. Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari kwa tabia yao moja. Chakula kikiwapungukia safarini au nyumbani Madina, walikuwa wakikusanya vyote walivyonavyo katika nguo moja, kisha wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Akasema kuwa watu hao wanatokana naye, naye anatokana nao. Huo ni mchango, ndugu zangu! Uislamu haukukataza mchango. Lakini angalieni mchango wenyewe: kila mtu ameleta alichonacho, nguo imechanganya, na baada ya hapo hakuna ajuaye punje hii ni ya nani. Ndivyo tunavyofanya msikitini jioni ya Ramadhani. Huyu kaleta uji, yule tende, mwingine hana kitu kaleta miguu yake tu, na mkeka ni mmoja.

Mwaka uliofuata niliomba kamati ijaribu hivyo. Mchango uanze Juni, wakati wa mavuno, na mwenye mpunga alete mpunga, debe au nusu debe. Mwenye kuni alete kuni. Mwenye nguvu siku hiyo abebe maji, na mtoto wa tajiri naye abebe, ili jiko lisiwe mahali pa wasiolipa. Daftari alikaa nalo mtu mmoja, na halikusomwa. Mlangoni hapakuwa na mtu. Sitawaficha, pesa ilipungua, keki haikuwepo, na walikuwepo walioguna kwamba wengine wamekula bure. Lakini wahitimu wote waliketi.

Ninawaandikia hasa wale walio katika kamati hizi, wawe wa shule ya kata au wa chuo, na hasa Waislamu waliomo humo wakidhani kwamba kazi yao imekwisha kisu kinapofutwa damu. Kabla ya kusema Bismillahi kwenye pilau la mahafali, tupitishe macho kwenye meza na tuhesabu. Kisha tutoke nyuma ya jengo, kwenye mafiga, tuangalie nani yuko huko na kwa nini.

Yule kijana alinisamehe kwa ulimi wake, na namshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Wale wawili ambao hawakuja, niliambiwa kwamba mmoja alikuwa ameshapigiwa pasi sare yake tangu asubuhi. Sijawaona mpaka leo.

Wabillahi tawfiq.